Jinsi ya kukijenga kijiji cha hadithini kikaionyesha nchi: mwongozo kwa waandishi wa Mtwara na Lindi

Mwandishi anayeanza huwa na haraka ya kuisema nchi. Ana hasira zake kuhusu rushwa, uongozi, elimu, vijana kukosa kazi, basi anatafuta kijiji cha kukitwika mzigo huo. Kijiji kinageuka punda: kinabeba, hakisemi. Msomaji wa Newala akifungua ukurasa wa tatu anajua kwamba aliyeandika hajawahi kukaa foleni ya maji, na msomaji wa Bukoba anajua kwamba anahubiriwa.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwenye mizani ya ghala, njia ya kisimani na daftari la mtendaji. Vitu hivyo vimeishikilia nchi kwa mkono mmoja na mtu kwa mkono wa pili, na ukivieleza sawasawa hutahitaji kulitaja taifa hata mara moja. Hatua zilizomo zinafaa hadithi fupi ya maneno 5,000 hadi 8,000, na kwa riwaya fupi ya maneno 30,000 tutaonyesha pa kuongeza. Tenga wiki mbili za maandalizi kabla ya sentensi ya kwanza. Anayeziruka wiki hizo huishia kuzilipa baadaye kwa rasimu nne au tano.

Hatua ya 1: Chagua eneo, kisha lipunguze

Usiandike "kijiji cha Kusini". Kusini hakuna kijiji cha namna hiyo. Kuna pwani ya Msimbati, Mikindani na Kilwa, ambako upepo wa kusi na kaskazi ndio unaoamua nani ale. Kuna uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, penye korosho nyingi na maji ya shida, ambako kwa miaka mingi wanawake wameteremka mabondeni na ndoo na kupanda nazo. Kuna bonde la Ruvuma, la mpunga na ndugu walio ng'ambo Msumbiji, lenye kivuko cha Kilambo upande wa Mtwara na Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa 2010. Na kuna Nachingwea, Ruangwa na Liwale, ardhi pana ya ufuta, mbaazi na korosho.

Ukishachagua eneo, umeshachagua pia upande wa nchi utakaoonekana. Kijiji cha uwanda wa juu kitaionyesha nchi kupitia maji na bei, na cha bondeni kupitia mpaka: nani ni mwenzetu na nani mgeni, hasa tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza 2017. Cha Msimbati kitaionyesha kupitia gesi iliyo chini ya miguu ya watu. Usitake vyote. Hadithi ya maneno 6,000 yenye gesi, korosho, mpaka na maji ni taarifa ya wilaya.

Baada ya hapo punguza. Chukua kitongoji kimoja cha kaya 40 hadi 60. Kijiji kizima chenye watu elfu mbili tatu hakikamatiki. Msomaji hataamini kwamba kila mtu anamjua kila mtu, na imani hiyo ndiyo nguzo ya hadithi ya aina hii. Katika kaya 50, mtu akinunua bati jipya kumi wanajua idadi ya bati, na mmoja anajua pesa imetoka wapi.

Jina la kijiji liwe la kubuni lakini lisikike la huko. Majina mengi ya Kusini yanaanza na Na-, Nan-, Mna-, Chi- au Lu-: Nanyamba, Nanguruwe, Chiungutwa, Lukuledi. Tunga lako kwa mdundo huo, kisha uwaulize watu watatu wa wilaya tofauti kama wanapajua. Wakipajua, badilisha. Katika mwongozo huu tutakiita chetu Nalikongwe.

Hatua ya 2: Ramani ya karatasi moja

Chukua karatasi ya A4. Weka sehemu nane tu: ghala la chama cha msingi, kisima au bomba, shule, msikiti (na kanisa kama lipo), mwembe au mkorosho wa mikutano, duka, kilabu cha pombe, na pale mtandao wa simu unaposhika. Hapo pa mwisho waandishi wengi hupasahau, na ni patamu sana. Kama mtandao unashika chini ya mbuyu mmoja tu, kila habari njema na kila msiba utasikiwa hadharani, na hakuna atakayeweza kupokea pesa kwa siri.

Umbali andika kwa dakika za miguu, achana na kilometa. Kutoka kwa mhusika mkuu hadi kisimani dakika 50 kushuka, 80 kupanda. Andika pia njia inapita mbele ya nyumba ya nani, maana hapo ndipo wahusika watakapokutana bila wewe kuwalazimisha. Ukiona rasimu yako inasema "kwa bahati alikutana na", rudi kwenye ramani. Kijijini bahati ni chache, njia ndizo nyingi.

Hatua ya 3: Kalenda

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hadithi yenye "mvua za vuli" kijijini Tandahimba imeandikwa na mtu aliyezoea kaskazini. Jaza miezi 12 kwenye mstari mmoja.

Januari hadi Machi ni miezi ya kubana: akiba inaisha, palizi imekaza, mahitaji ya shule yanadai pesa. Mei na Juni mikorosho inaanza kupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kazi hiyo inaendelea hadi Agosti. Ndipo pembejeo zinapochelewa na watu kuulizana zimekwama wapi. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata. Juni hadi Agosti, chakula kikiwa ghalani na shule zikifungwa, ngoma za jando na unyago zinalia. Septemba au Oktoba watu wanaanza kuokota korosho, Oktoba minada inafunguliwa, na Novemba na Desemba kuna pesa, harusi, pikipiki mpya na kesi za ndoa.

Sasa chagua miezi miwili, mmoja wa pesa na mmoja wa njaa. Hadithi fupi ikae katika miezi hiyo tu. Mtu yuleyule anayenunua redio Novemba anakopa unga Februari, na pengo hilo linaeleza uchumi wa nchi kuliko kurasa kumi za maelezo. Kwa riwaya fupi, tembea msimu mzima kuanzia salfa hadi salfa.

Hatua ya 4: Tabaka tatu za wakati, zisizidi

Kijiji chochote cha huku kimekanyagwa na historia mara nyingi. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwaka kwenye vilima vya Matumbi. Masasi kilianzishwa kama makazi ya watumwa walioachwa huru, walioletwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1876. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukafa 1951, ukaacha bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa miaka ya 1960. Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952. Wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na kambi Nachingwea. Operesheni Vijiji ikahamisha watu miaka ya 1970. Lindi ikawa mkoa wake 1971. Mwaka 2013 zikaja ghasia za Mtwara kuhusu bomba la gesi, na 2018 msimu wa korosho ulioleta magari ya jeshi.

Chukua tabaka tatu: moja ambayo wazee wanaikumbuka kwa macho yao, moja ambayo wazazi waliiishi wakiwa watu wazima, na moja inayotokea sasa. Kisha piga hesabu ya umri kwa kalamu. Hadithi ikiwa ya 2018, bibi aliyezaliwa 1943 alikuwa na miaka 31 mwaka 1974, anakumbuka nyumba aliyoiacha na miembe iliyobaki huko. Alikuwa binti wakati reli ya karanga ingalipo. Hawezi kuikumbuka Maji Maji. Hiyo aliisikia kwa babu. Kosa hili la umri ni la kawaida mno, na likishaonekana msomaji anaacha kukuamini hata pale uliposema kweli.

Historia ijitokeze kama kitu kilichobaki. Kipande cha chuma cha reli kinachotundikwa mtini na kugongwa kuita mkutano kinafanya kazi kuliko aya nzima kuhusu mkoloni. Wanaokigonga huenda hawajui kimetoka wapi. Usiwaambie.

Hatua ya 5: Watu, na nani anamdai nani

Hadithi fupi ibebe watu watano hadi saba wenye majina, riwaya fupi 12 hadi 18. Wengine waitwe kwa nafasi zao: karani, dereva wa bodaboda, mama muuza vitumbua. Majina yakizidi, msomaji anaanza kurudi nyuma kurasa, na akirudi mara tatu anafunga kitabu.

Mfano wa kuwapanga tunao nyumbani. Ule mtindo wa kinyago cha mpingo uitwao ujamaa, ambamo watu wengi wamechongwa katika gogo moja, mmoja amekanyaga bega la mwenzake na mwingine ameshika kiuno cha wa juu: mtazame mmoja, jaribu kumtoa kwa macho. Hatoki, wanaanguka wote. Hivyo ndivyo wahusika wa jamii ndogo wanavyotakiwa kukaa. Tengeneza jedwali la madeni. Kila mtu aandikiwe anamdai nani nini na anadaiwa nini na nani: pesa, mbegu, shahada ya uongo, siri ya ndoa, sanda iliyonunuliwa kwa mkopo. Asiyedai wala kudaiwa mfute, hana kazi hadithini.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi kutoka kwingine hulikosea kila mara. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno zito juu ya wapwa zake, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Uislamu, Ukristo, sheria za serikali na pesa ya korosho vimelitikisa jambo hili, na mtikisiko huo ni hazina. Mkorosho aliopanda baba katika ardhi ya ukoo wa mkewe, akifa ni wa nani? Wa watoto, wa ndugu zake, au wa wapwa? Mvutano wa nchi nzima kati ya mila, dini na sheria umekaa pale chini ya mti mmoja. Ukimfanya baba kuwa mfalme wa nyumba bila mjomba kutokea, umeandika kijiji cha mahali pengine ukakivika kanga ya Mtwara.

Watu wawili wasikose: mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji wenyewe kila miaka mitano. Ni ndugu, ni jirani, msibani anabeba jeneza. Mtendaji ameajiriwa na halmashauri; mara nyingi si wa hapo, ana mhuri, na simu yake inaita kutoka wilayani. Mwenyekiti anaogopa kura na mtendaji anaogopa barua. Ukiwaweka hao wawili kwenye benchi moja na kero moja, una bawaba ambayo mlango wa nchi unazungukia. Kosa la kawaida ni kuwafanya wote wawili wezi. Mwizi mmoja aliyekamilika anachosha. Anayeuma ni mwenyekiti mwema aliyenyamaza mara moja, kwa sababu tuliyoielewa.

Kijana aliyekwenda mjini naye ana nafasi yake. Jina machinga, linaloitwa kila mfanyabiashara wa mkononi nchini, limetoka kwa Wamachinga wa Lindi. Safari ya kutoka huku kwenda kutembeza bidhaa Dar es Salaam ni ya zamani kiasi kwamba imezaa neno la taifa. Ila asirudi kijijini kuja kuwafumbua macho wenzake. Msomi au mtu wa mjini anayerudi akawaona wote wajinga ni mhusika aliyechakaa. Arudi na deni.

Hatua ya 6: Mlango mmoja wa nchi

Chagua kitu kimoja ambacho kupitia kwake serikali, soko na dunia vinaingia Nalikongwe. Kimoja. Tutumie mizani ya ghala, kwa sababu karibu kila nyumba ya huku inaijua.

Kwanza jifunze inavyofanya kazi. Mkulima anaokota, anatenganisha na mabibo, anaanika, anapeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi, kile ambacho watu wanakiita AMCOS. Zinapimwa, anapewa karatasi. Magunia yanasafirishwa hadi ghala kuu, yanapangwa kwa madaraja ya ubora, na stakabadhi inatolewa. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho mwaka 2007. Wanunuzi wanashindana bei mnadani, wakulima wanakubali au wanakataa, na pesa inakuja baadaye kupitia benki, ikiwa imekatwa makato. Kati ya siku ya kupima na siku ya pesa kuna wiki, nyakati nyingine miezi. Ndani ya pengo hilo ndimo anamoishi mtu wa kangomba, anayenunua kwa kopo usiku, kwa bei ya chini, taslimu. Kisheria ni kosa. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa leo, ndiye benki pekee inayofunguliwa saa tatu usiku. Mwandishi akimwandika mtu wa kangomba kama shetani tu, hajaelewa kwa nini mlango wake unabishwa.

Sasa tazama tofauti. Rasimu mbaya inasema: "Wakulima wa Nalikongwe walinyonywa na viongozi wala rushwa, kama ilivyo kila mahali." Hakuna aliyeona kitu. Hii hapa ya pili:

Mama Sharifa na mwanawe walilipandisha gunia juu ya mizani. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia kwenye themanini.

"Sabini na saba," karani akasema, huku anaandika.

"Mwanangu, mbona tumeona themanini?"

"Gunia, mama. Na unyevu."

"Gunia kilo tatu?"

Karani hakuinua kichwa. Nyuma, mzee Bakari, mwenye magunia manne na mjukuu wa kupeleka bweni Januari, akakohoa. "Shemeji," akasema taratibu, "jua linakaza."

Mama Sharifa akageuka akamtazama. Kisha akaichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Hesabu kilichomo. Gunia tupu la jute lina uzito wa takriban kilo moja, kwa hiyo msomaji anayejua ameshaona kilo mbili zikipotea, na asiyejua ameelezwa na swali la mama. Karani ni kijana wa hapo, anaitwa mwanangu. Aliyemnyamazisha mama si polisi wala kiongozi, ni shemeji yake mwenye foleni. Jinsi watu wema wanavyoushikilia mwavuli wa wizi kwa sababu kila mmoja ana dharura yake: hilo ndilo tulilotaka kusema kuhusu nchi, na halikusemwa. Kama umeandika sentensi ya kueleza baada ya kanga, ifute. Mkono utakuwasha kuiandika, ifute tu.

Hadithi yako ikiwa ya miaka ya karibuni yenye mizani ya namba, usidhani tatizo limekwisha. Jiulize limehamia wapi: kwenye daraja, kwenye makato, au kwenye orodha ya majina.

Orodha ya majina inatupeleka 2018. Oktoba mwaka huo wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za mnadani. Novemba Rais John Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na JWTZ likapewa kazi ya kuzisomba. Kisha ukaja uhakiki: una shamba? Liko wapi? Kwa nini una kilo nyingi hivi? Kwa mwandishi, neno uhakiki ni zawadi. Mtu anasimama mbele ya mgeni mwenye karatasi na kutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mkulima. Yule wa kangomba yumo kwenye foleni. Mjane aliyeuza korosho za shamba la kaka yake yumo. Aliyekodi mikorosho bila maandishi yumo. Eneo hilo moja linatosha hadithi nzima, na magari ya jeshi yapite nyuma kabisa, yakitimua vumbi.

Hatua ya 7: Mkutano mkuu, uandikwe mara moja

Karibu kila hadithi ya kijiji ina mkutano, na karibu yote imeandikwa vibaya, kwa sababu mwandishi anaugeuza jukwaa la hotuba. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote, na kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Ukipita mwaka bila kuitishwa, hilo pekee ni habari, nawe unaweza kulisema kwa mtoto anayeuliza mbona kengele ya reli haigongwi siku hizi.

Andika wanavyokaa: viongozi mezani, meza imetandikwa kitambaa, wanaume kwenye madawati ya shule, wanawake chini, kwenye kanga na mikeka, vijana wamesimama nyuma wakiegemea pikipiki. Umeshachora muundo wa madaraka bila neno moja la ufafanuzi. Fuata ajenda halisi: kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo. Ruka tatu za kwanza kwa sentensi mbili. Mapato na matumizi yasomwe haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza: "choo cha shule, matundu mawili, shilingi milioni..." na mtu mmoja tu akune kichwa. Bomu liweke kwenye mengineyo, jua limeshazama nusu na watu wameshaanza kukung'uta kanga. Ndipo bibi mmoja anapoomba kuuliza jambo dogo.

Mkutano usimalize tatizo. Ukimaliza na azimio, au na gari la mkuu wa wilaya linalofika na kumkamata mwovu, umekitoa kioo mikononi mwa msomaji ukampa picha ya sherehe. Maneno 900 yanatosha kwa mkutano wote.

Hatua ya 8: Lugha ya pale

Wazee wako wasizungumze kwa methali tupu. Mzee wa kweli anasema methali moja kwa siku, siku nyingine hasemi kabisa, anauliza bei ya betri. Neno la Kimakonde au Kimwera liingie mara moja kwa kurasa mbili, lieleweke kwa tendo linaloliambatana. Usiweke tafsiri kwenye mabano. Mabano yanamtoa msomaji kijijini na kumkalisha darasani. Uraka wa mabibo uonekane umeinywesha meza nzima, msomaji atajua ni nini.

Maneno ya ofisini nayo ni lugha ya kijiji. Pembejeo, makato, uhakiki, wadau, mhusika afike bila kukosa: sikiliza yanavyobadilika mdomoni mwa watu. Mwanamke anayemwambia mumewe "mimi nakufanyia uhakiki" amekwisha kuipima serikali na ndoa kwa pumzi moja. Utani wa aina hiyo kusanya kwenye daftari. Utapata vipande 20, tumia vitatu.

Kuigiza wakubwa kwa kicheko ni kazi ambayo Kusini iliianza zamani. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde vilimchonga hadi mkoloni, vikacheza naye uwanjani mbele ya watu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, inayohusu Maji Maji, alichukua maji ya mganga mmoja na makabila machache, akauliza swali ambalo nchi changa ilikuwa inajiuliza kuhusu umoja na imani. Isome ukiwa na kalamu, uhesabu ni mara ngapi anatoka nje ya eneo lake kuja kutufafanulia.

Hatua ya 9: Mipaka

Yale ya ndani ya jando na unyago yana wenyewe. Onyesha ngoma ya hadharani, siku ya kutoka, nguo mpya, gharama, mjomba anayehangaikia mchele na kuku. Mafunzo ya ndani yaache nyuma ya ua. Mlango uliofungwa unasema mengi, na hutakuwa umeuza siri ya watu ambao hawakukupa ruhusa.

Kwa watu halisi, kila mhusika anayetokana na mtu unayemjua mbadilishie mambo matatu: jinsia, kazi, umri au idadi ya watoto, yoyote matatu. Moja halitoshi. Kaya 50 zinatambuana kwa kikohozi.

Hatua ya 10: Kuipima rasimu

Acha rasimu siku kumi. Kisha zungushia duara kila neno nchi, taifa, jamii, serikali, maendeleo na wananchi lililo kwenye sauti ya msimulizi. Futa sentensi zote zenye duara, usome tena. Hadithi ikisimama na bado unaiona nchi, zisirudi. Hadithi ikianguka, ujue zilikuwa zinabeba kazi ambayo kitu kama mizani kingepaswa kubeba. Rudi hatua ya 6.

Pili, tafuta mahali ambapo mtu mmoja analingana sawasawa na mtu wa taifani: mwenyekiti ni rais, mgambo ni jeshi, duka ni benki kuu. Msomaji akishaigundua fumbo hiyo anaacha kusoma, anaanza kufumbua, na akimaliza kufumbua hana sababu ya kubaki. Mpe kila mtu kitu kimoja kisichoingia kwenye fumbo. Mwenyekiti afuge njiwa. Njiwa wasimaanishe chochote.

Tatu, wape wasomaji wawili, mmoja wa huku na mmoja wa mbali, wa Kigoma au Arusha. Wa huku muulize: wapi nimedanganya? Atakuambia salfa haipuliziwi mchana wa jua kali, au kwamba shemeji hasemeshwi vile. Rekebisha yote bila ubishi. Wa mbali usimuulize kama ameelewa. Muulize alimkumbuka nani. Akikutajia watu wa Nalikongwe tu, kijiji chako bado ni kisiwa, na mara nyingi dawa yake ni kupunguza maelezo ya mandhari na kuongeza madeni kwenye lile jedwali. Akianza na "kwetu kuna karani wa tumbaku, yeye alikuwa…", mwache azungumze, na kalamu yako iwe karibu.